Hesabu Zilizonyooshwa

Haya alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe, likizo iliyopita, tumekaa jikoni kwangu tunamenya njegere. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa akipita mlangoni kila mara na kusema, "Hapo umeongeza chumvi," naye mtoto anamjibu, "Sijaongeza, Baba, nimepunguza." Basi mimi nimechukua ya mtoto, na chumvi yake.

Mjukuu huyo tunamwita Njiti, kwa kuwa ni mwembamba na nywele zake zimesimama juu kama kichwa cha kiberiti. Mdogo wake tunamwita Kasuku, na sababu utaiona mwenyewe. Mama yao ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Baba yao ni mchora mabango. Ukipita mtaani kwao ukaona duka la dawa, kinyozi, fundi viatu, herufi zote zile nene zenye kivuli nyuma yake ni mkono wake.

Mwaka wa shule ulikuwa unakwenda ukingoni Njiti alipoamka asubuhi moja ana vipele vya maji shingoni. Kufika jioni vimeshuka mgongoni, tumboni, mpaka ndani ya masikio. Tetekuwanga. Kasuku alikwisha kuugua zamani, akiwa bado anatambaa, kwa hiyo alimzunguka dada yake bila woga wowote.

"Mama, njoo umwone! Amekuwa chui!"

"Mwache mwenzio."

"Chui anajikuna, Mama!"

Daktari akasema asitoke nyumbani mpaka vipele vyote vikauke na kubanduka. Mwalimu mkuu naye akaongeza lake: daftari lisitoke shuleni kwenda kwa mgonjwa, wala kwa mgonjwa kuja shuleni. Vitabu vya hesabu vilikuwa vichache, vinafungiwa kabatini, havitoki kwa mtu yeyote.

Kuwashwa kungevumilika. Mama yake alimpaka dawa ya rangi ya waridi asubuhi na jioni, na Baba alipoona pamba inachelewesha kazi akaleta brashi mpya laini akampaka kwa mipigo mirefu kama anayepaka ukuta, mpaka Njiti akacheka hadi akasahau kujikuna. Kilichomkosesha raha ni mtihani wa kupanda darasa. Mwalimu wa hesabu alikwisha kumwambia baba yake, bila kumumunya maneno: "Akipona atafanya peke yake, sina neno. Lakini hesabu akianguka, anarudia."

Na kurudia maana yake nini? Kasuku alikuwa darasa la nyuma yake. Njiti akirudia, wanaingia chumba kimoja, mbele ya mwalimu mmoja, yeye na Kasuku.

Kasuku alikuwa ameshapanga mambo yote.

"Mimi nakaa dirishani, wewe ukutani," alimwambia dada yake, miguu inaning'inia kitandani. "Na ujue nitakuwa kiongozi wa darasa. Ukitaka kwenda chooni unanyoosha mkono, unaniomba mimi."

"Heri nibane."

"Hata kubana utaomba ruhusa."

Tatizo ni kwamba huyo huyo Kasuku ndiye aliyekuwa mjumbe. Nyumba nzima hakuna mwingine aendaye shule. Njiti akameza mate machungu, akamwomba achungulie darasani kwao awaone wenzake wanasoma nini. Kasuku akarudi mchana amejaa habari.

"Nimeona. Kuna namba juu, kuna namba chini, na kuna msalaba umelala ubavu."

"Ni kuzidisha hiyo! Halafu?"

"Halafu mwalimu akanifukuza dirishani."

Baba yao alikuwa kibarazani anasafisha brashi zake kwa mafuta ya taa, anasikia yote. Akaingia ndani anajifuta mikono.

"Mwanangu harudii darasa kwa ajili ya vipele," akasema. "Kazi yangu mimi ni nini? Si kunakili maandishi ya watu?"

Tangu siku hiyo, kila akitoka kazini alipitia shuleni. Watoto wameshatawanyika, mlinzi anamfungulia, naye anaingia darasani kwa Njiti ambako ubao haujafutwa bado. Alibeba vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye kazi zake. Ananakili kwa penseli kule kule, akirudi nyumbani anapaka rangi. Chumba cha Njiti kikajaa mabango. Ukutani, juu ya mlango, nyuma ya kitanda. Sehemu za ua alizichora kwa rangi nyekundu na njano, ungetaka kulinusa lile ua. Somo la mito na maziwa likawa la buluu. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, chini ya somo la usafi wa meno alijikuta ameshaandika KARIBUNI NYOTE kabla hajajizuia.

"Karibuni wapi, Baba? Kwenye meno?"

"Acha hapo hapo. Nafasi ilikuwa tupu, inatia huruma."

Njiti akasoma. Akisoma hawashwi, au anawashwa asijue. Majirani walikuja kupiga hodi eti kumjulia hali mgonjwa, kumbe wanataka kutazama ua.

Zamu ya hesabu ikafika. Mwalimu wa hesabu alikuwa na desturi yake: anafanya mfano ubaoni hatua kwa hatua, lakini mstari wa mwisho, ule wa jibu, anauacha wazi watoto wajijazie wenyewe. Baba alirudi na bango hilo akalipaka kwa makini kuliko yote, nyeusi juu ya nyeupe. Ishirini na tatu, chini yake kumi na nne na alama ya kuzidisha. Mstari. Tisini na mbili. Chini yake ishirini na tatu. Mstari mwingine, halafu weupe mtupu. Zote katikati, zimenyooka, ungeweka kamba.

Njiti akaitazama akikunja uso. Ishirini na tatu mara nne, tisini na mbili, sawa. Ishirini na tatu mara moja, ishirini na tatu, sawa. Sasa ujumlishe: mia moja na kumi na tano. Akakunjua uso.

"Ndizo hizi? Hizi ndizo wanazolilia wenzangu?"

Baba akaleta mifano mingine, Njiti akaimaliza yote kwa namna hiyo hiyo, upesi upesi, akajiona mwanahesabu. Akamwambia Kasuku atafute mtu mwingine wa kumwomba ruhusa ya choo.

Wakati huo mama yao alikuwa amepata kazi kubwa, makoti ya bendi. Makoti mekundu yenye vifungo vya rangi ya dhahabu, nayo yalitakiwa upesi. Makoti yakalala juu ya meza, juu ya viti, mengine yakamlalia Njiti miguuni. Mama alizoea kununua vifungo kidogo kidogo kwa kadiri anavyoshona, ila safari hii aliona heri avinunue vyote mara moja, na mtoto apate zoezi.

"Njiti, nitumikishe kichwa chako. Makoti ishirini na manne. Kila koti vifungo kumi na viwili. Nataka vingapi?"

Njiti akaandika, akafanya kama ubao ulivyomfundisha. Arobaini na nane. Chini yake ishirini na nne. Akajumlisha.

"Sabini na viwili, Mama."

Mtu mwenye makoti ishirini na manne ya kushona haoni mbele wala nyuma. Mama akaitikia, sindano iko mdomoni, akamtuma Kasuku duka la nyuzi na vifungo. Kasuku akaenda anaimba sabini na viwili, sabini na viwili, njia nzima, asije akasahau.

Siku zikasonga. Vipele vikakauka, vikabanduka, daktari akasema mtoto sasa ruksa. Mwalimu wa hesabu akaleta salamu: kesho asubuhi aje afanye mtihani wake. Njiti akapiga pasi sare mwenyewe.

Mchana wa siku hiyo hiyo mama yake akaanza kupiga vifungo. Alimaliza koti la kwanza, la pili, la tatu, anaimba kidogo kidogo. Alipomaliza la sita akatia mkono kwenye mfuko wa vifungo, akatoa mkono mtupu. Akaugeuza mfuko, akaukung'uta.

"Kasuku!"

"Abee, Mama!"

"Vifungo vingine umevipeleka wapi?"

"Vingine vipi?"

"Usinichezee. Umevidondosha njiani? Umewagawia rafiki zako?"

Macho yakamtoka Kasuku pima. "Mimi? Mimi niliyeimba sabini na viwili mpaka koo likanikauka? Mama, kuna mbwa pale dukani, mpaka leo ukimwamsha anajua sabini na viwili!"

"Basi muuzaji ametupunja. Leo atanijua." Mama akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mama, ngoja," akasema Njiti kutoka chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, sare inaning'inia mbele yake. "Kwenye makoti hayo umepiga vingapi?"

Wakavihesabu pamoja, koti kwa koti. Sabini na viwili. Havikupungua, havikuzidi.

Kasuku akashika kiuno, akangoja kuombwa radhi. Halafu polepole yeye na mama yake wakageuza shingo, wakamtazama Njiti.

Njiti alihisi joto likimpanda kuliko siku za homa. Kama hesabu ya vifungo si hiyo, basi zile za mabango je? Zote alizifanya namna moja. Na mtihani ni kesho, na shule imeshafungwa, na mwalimu wa hesabu anakaa mbali. Kasuku aliona midomo ya dada yake inatetemeka, akasahau radhi yake.

"Usilie," akasema. "Dirishani tutapeana zamu."

Hapo ndipo Njiti alipotaka kulia kweli. Lakini alijikaza. Akavuta koti mojawapo lililokamilika, akaliweka mapajani. Akaona kitu ambacho siku zote kilikuwa mbele ya macho yake: kifuani vifungo kumi, mikononi kimoja kimoja, viwili. Kumi na viwili.

"Mama, vya mikononi tu. Makoti yote, vya mikononi vitakuwa vingapi?"

"Viwili kila koti? Arobaini na vinane."

"Hiyo ninayo. Na vya kifuani?"

"Kumi kila koti... mwanangu, hivyo ni vingi. Mia mbili na zaidi."

"Mia mbili na arobaini," akasema Njiti. Akatazama karatasi yake. Pale chini aliandika ishirini na nne, tena akaiweka chini ya arobaini na nane kama watoto pacha. Lakini ile si ishirini na nne ya kweli! Ni ya makumi, ni mia mbili na arobaini, sifuri yake imejificha. Ingepaswa isogee kushoto iache nafasi ya sifuri. Akaisogeza, akajumlisha upya.

"Mia mbili themanini na vinane. Bado mia mbili na kumi na sita."

"Una hakika?" Mama alimtazama usoni. Vifungo vya dhahabu si njugu.

Njiti akapiga moyo konde. "Nina hakika."

Kasuku akapewa kapu, akatoka mbio na wimbo mpya, mrefu zaidi. Aliporudi wakavimwaga mkekani, wakavipanga mafungu ya kumi na viwili viwili, kila koti fungu lake. Koti la mwisho likapata fungu la mwisho. Mkeka mtupu. Mama akapiga makofi.

Sasa kilichobaki ni Baba. Njiti aliniambia, "Bibi, hapo ndipo nilipoogopa kuliko mtihani." Baba yake alikuwa akiwaonyesha wageni yale mabango kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Akaingia jioni, jua bado liko, anapiga mluzi.

"Baba," akasema Njiti, "hili bango la kuzidisha. Mwalimu aliandika hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Kila namba mahali pake?"

"Kila namba." Akafikiri. "Nilizinyoosha tu."

"Ulizinyoosha vipi?"

"Mwanangu, mwalimu wako ni mtu mzuri lakini hajui kupanga. Ile namba ya chini alikuwa ameitupa kushoto, imetoka nje ya wenzake kama mlevi anayetafuta mlango. Nikasema, masikini, amechoka. Nikamrekebishia. Nikaileta katikati."

"Zote?"

"Zote. Kazi yangu haitoki nyumbani imepinda."

Mama yao alijaribu kujizuia akashindwa. Akakaa chini juu ya makoti akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kila akitaka kueleza anaonyesha mfuko wa vifungo tu. Baba hakucheka. Njiti akamwonyesha koti, vya mikononi na vya kifuani, na ile sifuri iliyojificha. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akalitazama bango lake. Akamtazama mtoto.

"Kwa hiyo nimekufundisha uongo."

"Umenifundisha ua, Baba. Na mito. Ni hili tu."

"Hili tu, na mtihani wa kesho ni hili." Akavua shati la kazini, akaleta kopo la rangi nyeupe. "Haya. Wewe sema, mimi nachora. Mpaka wapi?"

Wakaanza bango la kwanza. Baba anafuta namba ya chini kwa rangi nyeupe, Njiti anamwonyesha kwa kidole, Baba anaichora upya, imesogea kushoto.

"Hapa?"

"Sogeza tena kidogo."

"Inaniuma macho."

"Vumilia, Baba."

"Watu wakija kuona hii watasema nimelewa."

"Watakaokuja ni wanaojua kuzidisha."

Kila alipomaliza moja, Njiti alijaza jibu mwenyewe kwenye ule weupe wa chini, kwa brashi ndogo. Kabla taa hazijawashwa walikuwa wamemaliza yote, na kwa mara ya kwanza Njiti aliona kwamba majibu yana maana, ni makubwa kama yanavyotakiwa kuwa. Alilala na rangi kwenye vidole.

Asubuhi Baba akamsindikiza, hakwenda kazini. Njiti aliwekwa kwenye kona ya ofisi ya walimu, meza inayotikisika, mwalimu wa hesabu mbele yake na miwani inayoteremka puani. Swali la kwanza kuzidisha, la pili kuzidisha. Kalamu ikasita. Namba zote zilimkimbia kichwani kama kuku waliotupiwa jiwe. Akafumba macho, akaliona koti. Vya mikononi kwanza. Halafu vya kifuani, sogea kushoto. Kalamu ikaanza kutembea.

Mwalimu alisahihisha pale pale, kalamu nyekundu haisemi kitu. Akaweka vyema, vyema, kosa, vyema. Akafika mwisho akarudi nyuma tena, akasogeza karatasi karibu na pua.

"Umekosa ya kugawanya, na hii umeharakisha," akasema. "Kuzidisha umepata zote."

"Nimepita, Mwalimu?"

"Umepita. Ila niambie, mtoto. Kwa nini namba zako zina vivuli?"

Njiti akatazama. Ni kweli. Kila namba ilikuwa na kivuli chake nyuma, kinene, kama jina la duka.

"Nilizisoma zikiwa hivyo, Mwalimu."

Mwalimu akavua miwani akaifuta, mabega yanamtikisika. Njiti akatoka mbio. Baba yake alikuwa langoni, anajifanya anakagua bango la shule, eti herufi ya pili imepinda. Hakuuliza. Alimwona tu anavyokimbia, akafungua mikono.

Nyumbani Kasuku alipokea habari akiwa amesimama juu ya kiti. Alishangilia, akaruka, akatangaza dirishani mtaa mzima usikie. Halafu akashuka, akakaa, midomo ikamning'inia.

"Nilikuwa nimeshakuwekea nafasi," akasema. "Nilimwambia yule wa pembeni ahame."

"Mwambie arudi."

"Keshakasirika." Akafikiri. "Basi wewe utanifundisha kuzidisha kabla wenzangu hawajafika huko. Nitawashinda wote."

"Unaniomba?"

"Sikuombi. Nakuruhusu."

Wakala chakula cha mchana kwa fujo na vicheko, kila mtu anasimulia upya sehemu yake, Baba akipunguza ya kwake na Mama akiirudisha. Baada ya hapo uchovu wa siku zote zile ukawaangukia kwa pamoja. Mama alisema anajinyoosha mgongo kidogo tu, akalala pale pale kati ya makoti. Njiti alimlaza Kasuku ubavuni pake mkekani. Kasuku akaendelea kuongea, akaongea, katikati ya neno akanyamaza. Njiti akafuata, mkono uko juu ya mdogo wake.

Baba akabaki peke yake kitini. Akaanza kujiuliza herufi ngapi atachora mwaka ujao akipata mabango kumi na sita, kila moja herufi thelathini na tano. Akaita kwa sauti ya chini, "Njiti." Kimya. "Mama Njiti." Kimya. Basi akainua kidole, akaanza kuandika hewani mwenyewe. Namba ya juu. Namba ya chini. Mstari wa kwanza. Alipofika wa pili akasogea kushoto, akafumba jicho moja ili asione ule upogo. Halafu akafumba na la pili, kidole bado kiko juu, kikashuka polepole mpaka kifuani, akalala kabla hajafika kwenye jibu.